Nilipopima Rubisi ya Baba

Kwa karibu mwaka mzima nililala kidogo kwa sababu ya swali moja: je, baba angekunywa hata kama nisingemwandikia ile karatasi? Nililigeuza kila upande. Nikilalia ubavu wa kushoto, jibu lilikuwa kwamba angekunywa tu, maana alikuwa mtu wa Ijumbi aliyeonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla hajaota ndevu, na hakuna daktari ambaye angemwachisha. Nikigeukia kulia, jibu lilikuwa kwamba alikuwa ameshaacha. Kwa siku kumi na tisa alikuwa ameacha kabisa, nilizihesabu, na aliyemrudisha kwenye kibuyu ni mimi, binti yake mwenye shahada.

Mwezi uliopita tulimzika Ma Kokugonza, mpishi wa rubisi wa kitongoji chetu. Watu walikuwa wengi mpaka wengine tulisimama ndani ya migomba, majani makavu yakilia chini ya viatu. Baba yangu mdogo, Ta Rweyongeza, alipewa nafasi ya kusema machache. Alisema mama huyu alikuwa na mkono safi, na kwamba pombe yake haikuwahi kumdhuru mtu. Watu waliitikia. Mimi nilitazama chini, kwa sababu miaka sita iliyopita baba mdogo huyohuyo alisema kinyume chake, kwa sauti ileile nzito, na mimi nilikuwepo, nikinyamaza. Nimeona niuandike mwaka ule kabla sijaanza kuukumbuka kwa namna inayonipendelea.

Nilikuwa nimemaliza chuo, ualimu wa biolojia na jiografia, na sikuwa na ajira. Nilijitolea kufundisha katika shule moja ya sekondari Kibeta, mjini Bukoba, nikapanga chumba Nyanga. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama shina la mgomba, karibu sana hivi kwamba mkungu ulipokua ulizuia mwanga, nikawa nasahihisha madaftari mlangoni. Kitanda, ndoo mbili, jiko la mkaa, na rundo la nakala za vyeti vyangu ndani ya bahasha ya kaki. Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa Madam Kemi. Jumamosi nilikwenda nyumbani Ijumbi, ambako nilikuwa Kemi tu, lakini Kemi aliyesoma, na jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Ikiletwa mbolea mpya, niliitwa nisome maandishi ya kwenye mfuko. Barua ya chama cha kahawa ikija, ilinisubiri mimi mpaka Jumamosi, hata kama kaka zangu walikuwa wameshaisoma. Nikisema jambo, lilichukuliwa kuwa limethibitishwa.

Baba alianza kuvimba tumbo mwezi wa pili. Tulimpeleka hospitali Bukoba, akapimwa, na daktari, kijana wa rika langu aliyekuwa na macho ya usingizi, alitueleza kwamba ini limechoka na halitarudi kuwa jipya, ila linaweza kusaidiwa lisichoke zaidi.

"Mzee, pombe basi," alisema.

"Pombe gani?" baba aliuliza.

"Yoyote."

"Hata rubisi?"

"Rubisi ni pombe, mzee."

Baba hakumtazama daktari, alinitazama mimi, akasema kwa Kihaya, "Huyu si wa huku. Muulize kwao wanapokea wageni kwa kitu gani." Nikacheka, nikajifanya ninakohoa. Lakini alitii. Alirudi nyumbani akanywa maji ya mchaichai, akala ndizi na maharage yasiyo na chumvi nyingi, na jioni akaketi kwenye benchi la barazani akiwatazama wenzake wakipita kwenda kwa Ma Kokugonza. Walimsalimu, akawasalimu, wakapita. Hicho ndicho ambacho sikukielewa upesi. Nilidhani anateswa na kiu. Kumbe saa kumi na moja jioni, kwa mwanaume wa kwetu, ni wakati wa kuketi mahali fulani na watu fulani, kusikia nani kauza kahawa mbichi, nani mwanawe kafaulu, nani kahamisha mpaka wa shamba usiku. Kibuyu kinazunguka na maneno yanazunguka nacho. Baba alikwenda siku moja na chupa yake ya maji. Akarudi mapema. "Nilikuwa kama padri," alimwambia mama. "Wote waliacha kusema wanayoyasema."

Jumamosi ya tatu aliniita sebuleni. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, na sebule ilikuwa na harufu ya kahawa inayokaushwa kwenye jamvi nje ya dirisha. Alikuwa ameshapanga hoja yake.

"Kemi, wewe umesoma. Bia imeandikwa ngapi?"

"Asilimia tano, tata."

"Na ule mvinyo wa harusini?"

"Kumi na mbili."

"Gongo?"

"Inategemea. Arobaini, labda."

"Na rubisi?"

Nikasema sijui. Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeshinda kesi. "Wala daktari hajui. Amekataza kitu asichokijua. Ndizi, maji na unga wa mtama, mtoto wa miaka miwili ananyweshwa juisi yake. Nitafutie namba. Ikiwa kubwa, nitakaa na mchaichai mpaka nife."

Shuleni, katika kabati la maabara, kulikuwa na kifaa cha kioo chembamba chenye tumbo chini na shingo ndefu yenye namba kutoka sifuri hadi mia moja. Unakitumbukiza kwenye kinywaji kikaelea, unasoma namba pale kinapokatana na uso wa kinywaji. Projestus, mtunza maabara, alikuwa likizo ndefu. Nikakifunga ndani ya kitenge nikaondoka nacho. Kemia nilikuwa nimeishia nayo kidato cha sita, na hiyo ni elimu ya hatari: inatosha kushika kifaa, haitoshi kukitilia shaka.

Tulianza na gongo. Baba mdogo, Ta Rweyongeza, alileta nusu chupa na hakueleza ilikotoka. Kifaa kilizama mpaka katikati ya shingo, kikatulia kwenye arobaini na mbili. Baba alijipiga gotini kwa furaha. "Ndiyo maana huyu husahau njia ya nyumba yake," alisema.

"Sisahau," Ta Rweyongeza alijibu. "Napita kwanza kuwasalimu majirani."

Kwa sababu namba ya gongo ilifanana na ile niliyoitarajia, nilikiamini kifaa. Bia sikuipima, niliona ni kupoteza chupa, maana asilimia yake imeandikwa kwenye lebo. Laiti ningeipima. Nimefikiria zaidi kuhusu chupa ile moja ya bia ambayo sikuifungua kuliko nilivyofikiria kuhusu mtu yeyote niliyewahi kumpenda. Ningeitumbukizia kifaa, kingenionyesha kwamba bia haina pombe, ningejua papo hapo kwamba kifaa kinanidanganya.

Kisha rubisi. Mama aliileta kwenye jagi, ya siku ya tatu, nyekundu inayoelekea kahawia, na povu lenye punje za mtama. Kifaa hakikuzama. Kiliibuka juu, juu kuliko hata nilipokijaribu kwenye maji, namba zote zikawa hewani. Niliona. Nataka niandike wazi kwamba niliona. Kinywaji hakiwezi kuwa na pombe pungufu ya sifuri, hata mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeuliza. Mimi ninayerudi mara tatu kuhakikisha nimefunga mlango, ninayesoma ujumbe mara kumi kabla ya kuutuma, siku hiyo sikurudia hata mara moja, kwa sababu baba alikuwa ameinama juu ya jagi akicheka kama kijana. Niliandika kwenye karatasi ya daftari: gongo 42, mvinyo 12, bia 5, rubisi chini ya 1. Halafu, kwa uangalifu wa mtu anayejiona mwangalifu, nikaongeza: kibuyu kimoja tu kwa siku.

Baba aliibandika ukutani chini ya kalenda ya parokia. Jumamosi iliyofuata niliwakuta wazee wanne wameketi barazani kwetu. Tangu hapo hakwenda tena kwa Ma Kokugonza, wao ndio waliokuja kwake, na Ma Kokugonza akawa anamletea kibuyu chake mwenyewe jioni, amekifunika kwa jani la mgomba. Alikuwa mjane mrefu, mwenye nyayo pana za mtu aliyekanyaga ndizi maisha yake yote, na kwenye ua wake lilikuwepo gogo lililochongwa kama mtumbwi ambamo ndizi mbivu zilikanyagwa kwa nyasi mpaka zikatoa maji. Kila alipofika, alionja kwanza mbele ya baba, mafunda mawili kwa mrija, kama inavyopasa kwa anayempa mtu kinywaji, ndipo akamkabidhi. Nilikuwa chumbani nikawasikia siku moja.

"Waitu, mzee wangu, hii ni ya siku ya tatu," alisema. "Imekomaa. Ungekunywa nusu."

"Ma Kokugonza, soma pale ukutani."

"Mimi kusoma kwangu unakujua."

"Basi nakusomea. Rubisi, chini ya moja. Mwanangu amepima kwa kioo."

"Kama Kemi amepima," alisema, "mimi ni nani."

Nilitabasamu kule chumbani. Nilifikiri nimefanya jambo zuri: nimempa baba jioni zake.

Projestus alirudi likizo mwezi wa tano. Nilikuwa nikirudisha kifaa kabatini aliponikuta, akauliza nilipima nini. Nikamweleza kwa fahari kidogo. Aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Rubisi, Madam? Yenye mtama na sukari yake?"

"Ndiyo."

"Hiki ni cha gongo na spiriti. Vitu visafi. Ukikitia kwenye kitu chenye sukari na unga, vile vinakisukuma juu. Hata ukikitia kwenye uji kitakwambia uji hauna pombe, na hapo kwa bahati kitakuwa kimesema kweli." Alicheka, halafu akaona uso wangu, akaacha. "Ulikuwa wa nini huo upimaji?"

"Wa darasani tu," nikasema.

"Rubisi ya siku ya tatu haikosi kufika kwenye bia. Nyingine inaipita."

Nilikwenda Nyanga kwa miguu nikipiga hesabu. Kibuyu cha baba kilikuwa cha lita mbili na zaidi. Kwa nguvu ya bia, hizo ni bia nne, kila siku, kwa ini ambalo daktari alisema lisiongezewe hata tone. Na kama ni rubisi inayoipita bia, tano. Nilifika chumbani nikazipiga tena. Mwanzoni nilikuwa nimelinganisha namba na namba, asilimia na asilimia, kana kwamba mtu hunywa asilimia. Mtu hunywa chombo. Glasi ndogo ya gongo iliyomtisha kila mtu ilikuwa na pombe ndogo kuliko kibuyu kile kilichofunikwa kwa jani.

Ningepiga simu siku hiyohiyo. Simu ilikuwa mkononi. Lakini nilifikiri: habari kama hii haifai simuni. Jumamosi nikaenda. Mama alikuwa amepika ndizi na dagaa kwa karanga, baba alikula vizuri kuliko miezi yote, na mzee mmoja alikuwa akisimulia jinsi ng'ombe wake alivyoingia kanisani. Baba alicheka mpaka akashika ubavu. Nilijiambia nitamweleza wakiondoka. Walipoondoka alikuwa amesinzia. Jumapili aliniita "daktari wangu" mbele ya mgeni. Nikarudi Bukoba sijasema. Wiki iliyofuata niliandaa maneno: nilifikiri nianze na mama, halafu nikaona mama atamwambia vibaya. Nikafikiri nimwombe yule daktari aseme, halafu nikaona daktari atauliza nani aliandika karatasi. Jumamosi ya pili mvua ilinyesha, nikaichukua kuwa sababu. Jumamosi ya tatu nilikwenda, nikakaa naye kwenye benchi, nikasema, "Tata, ile karatasi..." Akasema, "Ile karatasi imenirudishia watu wangu." Nikajiambia nitarudi wiki ijayo nimejiandaa vizuri zaidi.

Alitapika damu Jumanne, jioni, kibuyu kikiwa kando yake kimebaki nusu. Kaka zangu walimpeleka Bukoba. Nilimkuta hospitali amelazwa chali, mikono nje ya shuka, hasemi. Alfajiri ya Jumatano alikufa. Hayo ndiyo yote ninayoweza kuyaandika kuhusu siku hiyo.

Kwenye msiba nilikaa na wanawake wakimenya ndizi nyuma ya jiko, utomvu ukiifanya mikono yetu kuwa myeusi, na hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza.

"Alitoka damu mdomoni. Ini halitoi damu mdomoni."

"Na kibuyu kilikuwa cha nani?"

"Alimletea mpaka mlangoni kila siku. Kwa nini mlangoni?"

"Lakini alikuwa anaonja."

"Mwenye dawa ana kinga yake, mwanamke wewe."

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka hatua tatu kutoka hapo. Ma Kokugonza alipofika na kibuyu cha msiba, mama aligeuza uso. Ta Rweyongeza alikipokea kwa mikono miwili, akakipeleka shambani akakimwaga kwenye shina la mgomba, wazi, kila mtu akiona, akasema kwamba pombe hiyo ndiyo iliyomuua kaka yake. Ma Kokugonza aliketi kidogo na wanawake ambao waliacha kuzungumza, halafu akajifunga kitenge chake akaondoka. Kule ndani niliibandua karatasi ukutani, nikaikunja, nikaitia kwenye moto wa jiko. Hilo nalo niliandike.

Baada ya hapo hakuna aliyekwenda kunywa kwake. Watu walipita mbele ya ua wake wakaenda kwa mpishi mwingine, mbali kidogo, kilima cha pili. Harusini hakuitwa kupika. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Kila Jumamosi nilipita pale, na kwa miezi kadhaa nililiona gogo lake la kukanyagia limepinduliwa chini juu, kuku wamelala chini yake. Nilikuwa nasema moyoni kwamba nitasema, na nilitafuta namna bora ya kusema, na namna bora haikupatikana kwa sababu haikuwepo.

Wiki mbili kabla ya misa ya mwaka mmoja nilisimama nikaingia kwake. Sijui kwa nini siku hiyo. Pengine nilichoka kupita. Alikuwa anachambua maharage. Alinipa kiti na akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kijisahani, punje nne, kama kwa mgeni yeyote. Nyumbani kwetu tulikuwa tumekatazwa kupokea kitu kwake. Nikatafuna. Nikamweleza yote: kifaa, kioo kilichoibuka, karatasi, Projestus. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa nini hukuniuliza mimi?"

Sikuelewa.

"Nguvu ya rubisi. Mimi naipika tangu sijaolewa. Ya siku ya kwanza naijua, ya pili naijua, ya tatu naijua kwa ncha ya ulimi. Ungeniuliza ningekwambia kwamba kibuyu kile kingemlaza kijana. Nilimwambia yeye, akanisomea karatasi yako. Nikafikiri labda kuna rubisi nyingine wanayoijua wasomi."

"Nisamehe, Ma."

"Mimi nilijua sikumuua. Hilo hujaniletea geni." Alitoa jiwe kwenye maharage akalitupa nje. "Wanaohitaji kuambiwa hawako humu ndani. Nenda kawaambie."

Siku ya misa nyumba ilijaa. Padri aliondoka baada ya chakula, na ukoo ukaketi uani. Kulikuwa na makreti ya bia na soda, na watu waliyatazama kwa aibu kidogo, maana ukumbusho wa mzee bila rubisi ni kama mkutano wa hadhara. Ta Rweyongeza alisimama. "Tungepika rubisi," alisema. "Lakini mnajua wote kwa nini mwaka huu hatukupika, na mnajua ni nani."

Nikasimama. 

"Kaa, Kemi, bado nasema," baba mdogo alisema.

"Nikikaa sitasimama tena, waitu. Ma Kokugonza hakumwekea baba kitu. Ni mimi."

Kaka yangu mkubwa alisema, "Usiseme hivyo mbele za watu." Nikasema. Sikusema vizuri. Nilianza katikati, nikarudi nyuma, nikaeleza habari za sukari na kioo mpaka wazee wakaanza kutazamana, ndipo nikaacha sayansi nikasema kwa Kihaya, kwa maneno machache: daktari alikataza, baba akaacha, mimi nikapima vibaya nikamwambia rubisi haina pombe, akarudi kunywa kibuyu kizima kila siku kwa sababu mimi niliandika. Ta Rweyongeza, aliyekuwepo siku ile ya kupima, aliketi taratibu na kuweka mikono magotini.

"Mtoto alikosea kipimo," mzee mmoja alisema kwa upole. "Hakujua. Kosa la kutojua halina mwenyewe." Na watu wengi wakaitikia, na nilihisi uzito unanitoka mabegani, na ningeweza kuketi hapo. Kila mtu alitaka niketi. Ma Kokugonza alikuwa ameshasafishwa, na mimi nilikuwa nimesamehewa kosa la kutojua.

Mama hakuitikia. Aliketi kwenye mkeka wake, miguu imenyooka mbele, akinitazama kama anavyotazama sufuria akisubiri ichemke.

"Ulijua lini kwamba ulikosea?" aliuliza.

"Wiki tatu kabla hajafa, mama," nikasema. "Nilijua, nikaja, nikala naye, nikanyamaza."